Nyongeza za Kulipiwa katika Gemu za Kompyuta: Mtazamo wa Fikihi ya Biashara

Sifa zote njema anastahiki Mwenyezi Mungu (S.W.T.), aliyewawekea waja Wake mipaka katika kununua na kuuza ili mali zao zisiliwe kwa dhulma. Rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), pamoja na ali zake, Masahaba zake na kila mwenye kufuata uongofu wao mpaka Siku ya Malipo.

Ama baada ya hayo, miongoni mwa mas-ala mapya ambayo vijana huwapelekea maimamu na walimu wa madrasa ni haya ya gemu, yaani michezo inayochezwa kwenye kompyuta, simu na mashine maalumu zinazounganishwa na televisheni. Swali huja kwa sura hii: mtu amenunua gemu mpya kwa bei kamili, na siku ileile inapotoka anakuta baadhi ya sehemu zake zimefungwa, naye anatakiwa alipe tena ili afunguliwe. Anauliza: Je, nimedhulumiwa? Na ikiwa nimedhulumiwa, je, inafaa nizifungue kwa hila bila ya kulipa?

Huenda baadhi ya wasomaji wakaona kuwa jambo hili ni la kitoto na halistahiki kuandikiwa makala. Sisi tunaona kinyume cha hivyo. Swali hili limekusanya milango kadhaa ya fikihi ya biashara: kinachoingia katika mauzo na kisichoingia, kubakisha sehemu ya kilichouzwa, kuficha kasoro, khiyari ya kurejesha, na kuchukua haki kwa mkono wako mwenyewe. Na mwenye kuulizwa, akajibu kwa kusema tu, "Achaneni na michezo," atakuwa hakujibu kitu. Kijana ataondoka na kwenda kuwauliza wenzake, nao watamwambia kuwa kumwibia aliyekuibia si wizi. Hilo ndilo tunalolichelea.

Kabla ya kuendelea tuweke wazi jambo moja. Hatuzungumzii hapa hukumu ya gemu zenyewe. Wanavyuoni wana maneno marefu juu ya michezo tangu zamani, na inajulikana kwamba Imamu Shafi (R.A.) aliona sataranji kuwa ni makruhu na wengineo wakaiharamisha. Tunachukulia kuwa gemu inayozungumzwa haina kufuru, uchi wala kamari, na haimpotezei mtu swala yake na wajibu wake. Sharti mojawapo la kitu kinachouzwa ni kuwa na manufaa yanayokubalika kisheria. Gemu iliyo haramu, kuiuza nako ni haramu, na hapo hakuna haja ya kuuliza juu ya nyongeza zake.

JINSI JAMBO LILIVYOANZA

Zamani gemu iliuzwa nzima. Mnunuzi alipotoka dukani na diski yake mkononi, kila kilichomo kilikuwa chake kukichezea, na mwenye kuuza hakuwa na njia ya kumfuata nyumbani. Intaneti ilipoenea, makampuni yakapata njia ya kuuza vipande baada ya vipande. Mwezi wa Aprili 2006 kampuni ya Bethesda ya Marekani iliuza vazi la chuma la farasi kwa ajili ya gemu yake iitwayo The Elder Scrolls IV: Oblivion, kwa dola 2 na nusu. Wachezaji wengi walilalamika na wengine wakafanya mzaha. Hata hivyo gemu hiyo ilikwisha kutoka mwezi uliotangulia, na farasi aliweza kwenda bila ya vazi hilo.

Malalamiko makubwa yalikuja Machi 2012. Mwezi huo ilitoka Mass Effect 3, iliyotengenezwa na BioWare na kusambazwa na Electronic Arts, na siku hiyohiyo ikauzwa nyongeza yake iitwayo From Ashes kwa dola 10, juu ya bei ya gemu ambayo ilikuwa takriban dola 60. Nyongeza hiyo ilimleta mhusika mmoja wa kizazi ambacho kisa chote cha gemu kinakizungukia. Wachezaji walipochunguza diski waliyokwisha kuinunua, wakakuta baadhi ya mafaili ya mhusika huyo yamo ndani yake. Watengenezaji walijieleza kwamba baina ya kumalizika kwa gemu na kufika kwake madukani hupita kama miezi 3 ya ukaguzi na uchapishaji wa diski, na muda huo ndio hutumika kutengeneza nyongeza. Na kwamba kilichowekwa katika diski ni msingi tu wa kuipokea.

Mwezi huohuo kampuni ya Capcom ya Japani ilitoa Street Fighter X Tekken. Wachezaji wakagundua kuwa wahusika 12 wamo ndani ya diski wakiwa wamefungwa, wakisubiri kuuzwa baadaye. Kampuni ilipolalamikiwa ilijibu kwa maana hii: hakuna tofauti ya msingi baina ya nyongeza iliyomo katika diski na ile inayopakuliwa kwa intaneti, kwani zote mbili ni njia tu za kumfikishia mnunuzi. Miezi michache baadaye wahusika hao waliuzwa kwa pamoja kwa dola 20.

Jambo hili halikuisha. Tarehe 22 Machi 2024 kampuni hiyohiyo ilitoa Dragon's Dogma 2, na wanunuzi wakakuta siku ya kwanza orodha ya vitu vidogovidogo vya kulipiwa. Kampuni ilisema kuwa vitu hivyo hupatikana pia kwa kucheza tu. Ghadhabu ilikuwa kubwa, na malalamiko yaliyosikika sana ni kwamba hawakuelezwa mapema.

Haya ndiyo matukio. Sasa tuyapime kwa mizani ya Sharia.

UGHALI SI DHULMA

La kwanza ni kutenganisha baina ya kuudhika kwa ajili ya bei na kudanganywa. Asili katika biashara ni uhalali pale panapokuwa na kuridhiana, kama ilivyobainishwa katika Suratun-Nisaa, aya ya 29. Bei zilipopanda Madina, Masahaba walimwomba Mtume (S.A.W.) awapangie bei, akakataa, akaeleza kuwa Mwenyezi Mungu ndiye mwenye kuzipandisha na kuzishusha, na kwamba yeye anataraji kukutana na Mola wake pasiwe na mtu anayemdai dhulma ya damu wala ya mali. Hadithi hii imepokewa na Anas (R.A.) na kutolewa na Abu Dawud na Tirmidhi.

Kwa hiyo kampuni kuuza gemu kwa bei ya juu, au kuigawa kazi yake mafungu mawili na kuuza kila fungu peke yake, si haramu kwa dhati yake. Mwenye shamba anaweza kuuza nusu leo na nusu kesho. Mnunuzi asiyeridhika na bei ana haki ya kuacha, na haki hiyo inatosha. Katika madhehebu ya Imamu Shafi, mtu mzima aliyenunua ghali kwa ridhaa yake hana khiyari ya kurejesha kwa sababu ya ughali peke yake. Basi anayesema, "Nimedhulumiwa kwa sababu nyongeza ni dola 10," bado hajaleta hoja. Hoja inaanza anaposema, "Nilidhani nimekinunua, kumbe sikukinunua."

KINACHOINGIA KATIKA MAUZO

Wanavyuoni wetu wameweka mlango mahsusi juu ya vitu vinavyofuatana na kilichouzwa bila ya kutajwa. Imamu Nawawi (aliyefariki mwaka 676 H, sawa na 1277) ameeleza katika Minhaj kwamba nyumba ikiuzwa huingia ardhi yake, jengo na milango iliyokwisha kusimamishwa, pamoja na rafu na ngazi zilizopigiliwa misumari. Haviingii vitu vya kubebeka kama ndoo, gurudumu la kisima na kitanda. Kisha akataja ufunguo wa kufuli iliyothibiti mlangoni. Ufunguo ni kitu cha kubebeka, lakini kauli yenye nguvu zaidi kwake ni kuwa unaingia, kwa sababu kufuli bila ya ufunguo haina kazi.

Hapa mwenye gemu atashangilia na kusema: "Hiyo ndiyo hoja yangu. Diski nimeinunua, chumba kimo ndani ya nyumba, vipi muuzaji abaki na ufunguo na kuniuzia mara ya pili?"

Tunamwambia asubiri, kwani kampuni nayo ina hoja. Imepokewa na Ibn Umar (R.A.) katika Bukhari na Muslim kwamba Mtume (S.A.W.) alihukumu kuwa mwenye kuuza mitende iliyokwisha kuchavushwa, matunda yake ni ya muuzaji, isipokuwa mnunuzi akiyashurutisha. Matunda hayo yapo siku ya kuuza, yananing'inia juu ya mti uliouzwa, na bado si ya mnunuzi. Basi kuwemo tu kwa kitu ndani au juu ya kilichouzwa hakutoshi kukifanya kuwa cha mnunuzi. Kwa upande huu jibu la Capcom lina uzito ambao wachezaji wengi hawakuutaka kuuona.

Lakini tuitazame hadithi mpaka mwisho wake. Hukumu imefungamanishwa na kuchavushwa. Jamhuri ya wanavyuoni, wakiwemo Mashafi, wamefahamu kwamba mitende ikiuzwa kabla ya kuchavushwa, matunda yangali yamefichika ndani ya karara, basi yanaufuata mti na ni ya mnunuzi. Mahanafi wametofautiana nao, wakasema kuwa ni ya muuzaji katika hali zote mbili. Kwa kauli ya jamhuri, kilichodhihiri husimama peke yake na hubaki kwa muuzaji, ama kilichofichika hufuata asili yake na huenda kwa mnunuzi.

Kwa kipimo hiki tunaona kwamba kitu kilichomo ndani ya gemu siku ya kuuzwa, kikawa kimetangazwa na kuandikwa kwenye kasha au ukurasa wa kuuzia kuwa hakimo katika bei, kinafanana na tunda lililodhihiri. Na kitu kilichomo ndani yake kikafungwa kimyakimya, mnunuzi asijue mpaka afike nyumbani, kinafanana na tunda lililo ndani ya karara. Huu ni mfano tulioufanyia kiasi kwa jitihada, wala si andiko, na mwenye elimu zaidi ana nafasi ya kutusahihisha.

KUBAKISHA SEHEMU YA KILICHOUZWA

Kinachotia nguvu rai hii ni mlango wa kubakisha, ambao wanavyuoni huuita thunya. Imepokewa na Jabir bin Abdillah (R.A.) katika Abu Dawud na Tirmidhi kwamba Mtume (S.A.W.) amekataza muuzaji kujibakishia sehemu ya anachokiuza isipokuwa ikiwa inajulikana. Mtu akisema, "Nakuuzia bustani hii isipokuwa mti ule," imefaa. Akisema, "isipokuwa baadhi ya miti," haikufaa, kwa sababu kutojulikana kwa kilichobakishwa kunakifanya nacho kilichouzwa kisijulikane. Hiyo ndiyo gharari iliyokatazwa katika hadithi ya Abu Hurayra (R.A.) iliyomo katika Muslim.

Jabir huyohuyo alimuuzia Mtume (S.A.W.) ngamia wakiwa safarini, na akabakisha haki ya kumpanda mpaka Madina. Wanavyuoni wamekhitilafiana katika kubakisha manufaa namna hii. Imamu Ahmad ameruhusu ikiwa manufaa yanajulikana, Imamu Malik ameruhusu kwa masafa mafupi, na Imamu Abu Hanifa na Imamu Shafi hawakuruhusu, wakaitafsiri kadhia ya Jabir kwa namna nyingine. Hata hivyo hata wale walioruhusu wameweka sharti la kujulikana. Hakuna aliyeruhusu kubakisha kwa siri.

Huenda kampuni ikasema: "Sisi hatuuzi diski wala kilichomo, tunauza ruhusa ya kutumia." Kweli mikataba mingi ya leo imeandikwa hivyo. Katika jimbo la California, Marekani, sheria iliyoanza kutumika tarehe 1 Januari 2025 inawalazimu wauzaji wa bidhaa za kidijitali wamweleze mnunuzi wazi kuwa anapewa leseni tu, asije akadhani amemiliki. Lakini hoja hii haiwaondolei wajibu. Kuuza manufaa nako ni biashara, na manufaa yanayouzwa lazima yajulikane kama inavyolazimu kitu chenyewe kijulikane. Mwenye kukodisha nyumba ya vyumba vinne, akafunga viwili bila ya kusema, hawezi kujitetea kuwa yeye amekodisha tu na hakuuza.

KUFICHA NDIO UGONJWA WENYEWE

Mtume (S.A.W.) alipita sokoni kwenye rundo la nafaka, akaingiza mkono wake ndani na vidole vyake vikakuta unyevu. Mwenye nafaka akasema kuwa zimenyeshewa na mvua. Mtume (S.A.W.) akamuuliza kwa nini asiuweke ule unyevu juu ili watu wauone, kisha akajitenga na kila mwenye kughushi. Hadithi hii imo katika Muslim kutoka kwa Abu Hurayra (R.A.).

Tuzingatie kuwa hakumkataza kuuza nafaka zilizoloa. Alimkataza kuiweka sehemu iliyoloa chini. Nafaka zilezile, kwa bei ileile, zingekuwa halali kama mnunuzi angeona anachokinunua. Hapa ndipo penye hukumu ya mas-ala yetu, na kwa hiyo tunazigawa nyongeza za siku ya kwanza katika hali nne.

Ya kwanza ni nyongeza iliyotengenezwa baada ya gemu kukamilika, na mnunuzi akaelezwa kabla ya kulipa kuwa inauzwa mbali. Hii ni halali isiyo na shaka, hata ikitoka siku moja na gemu. Maelezo ya watengenezaji wa Mass Effect 3, yakiwa ni ya kweli na mnunuzi alijulishwa, yanaingia hapa.

Ya pili ni nyongeza iliyokuwa tayari, hata ikawa imo ndani ya diski, lakini ikatangazwa waziwazi kuwa haimo katika bei. Hii pia inafaa, kwa mfano wa matunda yaliyodhihiri. Mtu anaweza kuichukia, lakini kuchukia si kuharamisha.

Ya tatu ni sehemu iliyofungwa na kunyamaziwa, ilhali ada ya wanunuzi ni kudhani kuwa wanapata yote yaliyomo. Huu ni udanganyifu kwa njia ya kunyamaza, na mnunuzi ana khiyari.

Ya nne, nayo ni mbaya zaidi, ni gemu iliyotangazwa kwa sifa fulani, kisha sifa hiyo ikaondolewa na kuuzwa peke yake. Au kisa kikakatwa mwisho wake, ukauzwa kwa bei nyingine. Jina "gemu" katika ada ya watu hukusanya kisa mpaka mwisho wake na kila kilichoahidiwa katika tangazo. Aliyeyaondoa hayo ameuza nyumba isiyo na mlango, na amepunguza haki za watu, jambo ambalo Nabii Shuayb (A.S.) aliwakataza kaumu yake, kama ilivyo katika Suratul-Aaraf, aya ya 85.

KULIPA KABLA YA GEMU KUTOKA

Vijana wengi hulipa miezi kadhaa kabla, gemu ingali inatengenezwa. Mtume (S.A.W.) aliwakuta watu wa Madina wakilipia tende za mwaka mmoja na miwili kabla ya kuvunwa, naye akawaelekeza kuwa kipimo kijulikane, uzani ujulikane na muda ujulikane. Hiyo ni biashara ya salam, na hadithi yake imo katika Bukhari na Muslim kutoka kwa Ibn Abbas (R.A.). Mwenye kulipa kabla anategemea sifa tu, kwani hana kitu cha kukiona. Kwa hiyo sifa ndiyo mkataba wenyewe. Anayenunua kwa kuona picha chache na wimbo wa tangazo, bila ya kujua kilichomo na kisichomo, amejitumbukiza mwenyewe katika gharari. Nasaha yetu ni kuwa asubiri gemu itoke, asome maelezo ya waliokwisha kuinunua, kisha aamue.

KHIYARI YA ALIYEDANGANYWA

Katika hadithi ya Abu Hurayra (R.A.) iliyomo katika Bukhari na Muslim, Mtume (S.A.W.) alikataza kuacha kumkama mnyama ili kiwele kijae na mnunuzi adhani kuwa ana maziwa mengi. Aliyenunua mnyama wa namna hiyo amepewa khiyari: akipenda atamweka, na akipenda atamrejesha pamoja na pishi ya tende. Hii ndiyo asili ya khiyari kwa aliyefanyiwa hila ya kuonyeshwa sura isiyo ya kweli.

Basi aliyepatwa na hali ya tatu au ya nne ana haki ya kurejesha na kudai bei yake. Lakini wanavyuoni wa Kishafi wamesema kuwa kurejesha kwa ajili ya kasoro ni kwa haraka, na kwamba mwenye kuendelea kukitumia kitu baada ya kuijua kasoro yake, haki yake ya kurejesha huanguka, kwani matumizi yake ni dalili ya ridhaa. Na hapa ndipo vijana wengi wanapoteleza. Mmoja anagundua siku ya kwanza kuwa amedanganywa, analalamika mchana, na usiku anacheza mpaka alfajiri. Baada ya mwezi anataka arejeshewe pesa. Tunamwambia kuwa haki alikuwa nayo, na kwa mkono wake ameiacha.

JE, AFUNGUE KWA HILA?

Tunarejea kwenye swali la pili, ambalo ndilo zito zaidi. Baadhi ya vijana hutafuta programu za kuvunja kufuli, au hupakua nakala za wizi, na hoja yao ni kuwa wao wanachukua kilicho chao. Wengine waliosoma kidogo hutaja kadhia ya Hind bint Utba (R.A.), aliyemshitakia Mtume (S.A.W.) ubakhili wa mumewe Abu Sufyan, akaruhusiwa kuchukua katika mali yake kiasi cha kumtosha yeye na wanawe kwa wema. Na ni kweli kwamba Imamu Shafi na wengineo wameijenga juu ya hadithi hii ruhusa ya mwenye haki kujichukulia haki yake iliyozuiliwa.

Lakini ruhusa hiyo ina masharti. Haki iwe imethibiti, isiyo na ubishi, na iwe haiwezi kupatikana kwa njia nyingine. Matumizi ya mke na watoto ni haki iliyothibiti kwa Sharia. Ama wahusika waliofungwa ndani ya diski, tumekwisha kuona kwamba wanavyuoni wenyewe wangeweza kukhitilafiana juu yao. Na hata tukikata kauli kuwa mnunuzi amedanganywa, haki yake ni kurejesha na kupewa bei yake. Mwenye kuuziwa mnyama aliyejazwa kiwele hakuambiwa aende zizini usiku akachukue mnyama mwingine.

Zaidi ya hayo, Baraza la Kimataifa la Fikihi ya Kiislamu, katika kikao chake cha tano kilichofanyika Kuwait Desemba 1988, lilipitisha azimio namba 43 kwamba haki za utunzi, uvumbuzi na majina ya biashara ni haki za wenyewe, zina thamani ya kimali, na haijuzu kuzivamia. Na Mtume (S.A.W.) ametuusia kurejesha amana kwa aliyetuamini, wala tusimfanyie hiana hata yule aliyetufanyia sisi hiana, imo katika Abu Dawud na Tirmidhi. Basi kufungua kwa hila hakufai, sawasawa mtengenezaji awe Muislamu au asiwe. Dhuluma ya kampuni haimhalalishii Muislamu mkono wake.

MASANDUKU YA BAHATI

Kuna aina nyingine ya nyongeza ambayo haiingii katika maelezo yaliyotangulia, nayo ni masanduku ya bahati. Mchezaji hulipa pesa apate sanduku asilojua kilichomo. Huenda akapata kitu adimu, na huenda akapata kisicho na thamani. Mwezi wa Aprili 2018 tume ya kamari ya Ubelgiji ilitamka kuwa masanduku ya kulipiwa katika FIFA 18, Overwatch na Counter-Strike: Global Offensive ni kamari iliyokiuka sheria ya nchi hiyo, na mwishoni mwa Januari 2019 Electronic Arts ikaacha kuuza huko pointi za FIFA. Uholanzi nako, kampuni hiyo ilitozwa faini, lakini mwaka 2022 mahakama ya juu ya utawala ikaifuta.

Sheria za nchi zinaweza kutofautiana. Sisi tunayo tafsiri ya mafakihi: kamari ni kila muamala ambao mwenye kuuingia yuko baina ya kupata na kupoteza kwa bahati tu. Sanduku linalonunuliwa kwa pesa limetimiza sifa hiyo, na makatazo yake yamo katika Suratul-Maida, aya ya 90. Kutangazwa kwake hakulihalalishi, kwa sababu kasoro yake haimo katika kuficha peke yake bali imo katika muamala wenyewe.

WAZAZI NA WAUZAJI

Wazazi wafahamu kuwa nyongeza nyingi hununuliwa na watoto kwa kadi au simu za wazee wao. Katika madhehebu ya Shafi mauzo na manunuzi ya mtoto asiyebaleghe hayasihi, na Suratun-Nisaa, aya ya 5 na ya 6, imewataka mawalii wazilinde mali mpaka busara ionekane. Kumwachia mtoto namba ya siri ya malipo ni kumkabidhi mali kabla ya wakati wake, kisha kuilaumu kampuni peke yake.

Ama Waislamu wanaouza gemu madukani, na vijana wetu wanaosomea utengenezaji wa programu, kwao tunataja kisa alichokitaja Imamu Ghazali (aliyefariki 505 H, sawa na 1111) katika Ihya. Mtu alinunua ngamia kwa dirhamu 300, na Sahaba Wathila bin al-Asqa (R.A.) alikuwa karibu ameghafilika. Alipozindukana alimfuata mnunuzi akamuuliza kama amemnunua kwa nyama au kwa kupanda. Alipojua kuwa ni wa kupanda, akamweleza kuwa ana tundu katika ukwato na hawezi safari ndefu. Mnunuzi akarudi, na muuzaji akapunguza dirhamu 100. Wathila hakuwa muuzaji wala mnunuzi. Aliona tu kuwa haimfalii kunyamaza. Basi mwenye duka anayejua kuwa gemu fulani ina sehemu za kulipiwa, amwambie mteja kabla ya kupokea pesa.

Kazi ya kulisimamia jambo hili katika dola za Kiislamu ilikuwa ni ya muhtasib, aliyekagua mizani, vipimo na maziwa yaliyotiwa maji. Leo kazi hiyo iko mikononi mwa mamlaka za kulinda walaji. Umoja wa Ulaya, kwa mwongozo wa mwaka 2019 uliotakiwa kutumika kuanzia tarehe 1 Januari 2022, umelazimisha bidhaa ya kidijitali iafikiane na ilivyoelezwa na kile ambacho mnunuzi anakitarajia kwa kawaida. Hayo mafakihi wetu waliyazungumza katika milango ya ada na khiyari karne nyingi zilizopita.

HITIMISHO

Muhtasari wa tuliyoyasema ni huu. Kuuza nyongeza si haramu, na ughali si dhulma. Kilichobakishwa na muuzaji lazima kijulikane kabla ya malipo. Kikifichwa, mnunuzi ana khiyari, nayo aitumie haraka na aache kucheza. Kufungua kwa hila na kupakua nakala za wizi hakufai kwa hali yoyote. Masanduku ya bahati ya kulipiwa ni kamari.

Katika hadithi ya Hakim bin Hizam (R.A.) iliyomo katika Bukhari na Muslim, Mtume (S.A.W.) ameahidi baraka kwa wauzianao wakisema kweli na kubainisha, na ametahadharisha kuwa baraka hiyo hufutwa wakificha na kusema uongo. Ahadi hii ni ya pande zote mbili. Muuzaji abainishe anachokiuza, na mnunuzi asifiche mkono wake chini ya jina la haki.

Tunamwomba Mwenyezi Mungu atujaalie kuwa wenye kujua halali na kuifuata, na kujua haramu na kuiepuka. Wallahu aalam.